Lango la Saa Moja na Nusu

Nilisomea ualimu katika Chuo cha Kleruu, Iringa, katikati ya miaka ya sabini. Wakufunzi wetu walikuwa wakali kwa jambo moja kuliko yote, nalo ni saa. Kengele ikilia, uwe umekwisha kusimama mahali pako. Nilibeba somo hilo katika shule zote nilizofundisha, wala sikuwahi kulijutia mpaka nilipofika Mbeya.

Nilistaafu kwa hiari mwaka 2006, nikiwa na umri wa miaka 55. Wazee wa kanisa wakaniomba niongoze shule yao ya sekondari ya wasichana. Ilikuwa shule ya binafsi, tena ya kutwa. Makanisa ya Nyanda za Juu Kusini yanajua kazi ya elimu tangu zamani. Shule zao nyingi zilitaifishwa mwaka 1970, na baada ya Sera ya Elimu ya mwaka 1995 kufungua mlango kwa shule binafsi, mengi yakaanza upya. Zipo zilizopata sifa kubwa. St. Francis ya Mbeya iliongoza taifa katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2018, na Bethel Sabs ya Iringa ikawa miongoni mwa kumi bora. Lakini hizo ni shule za bweni. Sisi tulikuwa na mabinti ambao wazazi wao hawakumudu ada ya bweni. Ndiyo hasa sababu kanisa liliijenga shule ile.

Mimi nikaja na saa yangu. Lango lilifungwa saa moja na nusu asubuhi. Anayechelewa mara tatu anarudi nyumbani, na haingii tena mpaka aje na mzazi.

Mwaka 2007 alikuwapo binti mmoja wa kidato cha pili, mpole, mwepesi wa hesabu. Alianza kuchelewa. Mara ya kwanza nilimwonya, mara ya pili akafagia uwanja. Mara ya tatu nilimkuta nje ya lango, sketi imelowa umande, mikono imejaa udongo mkavu. Nilimuuliza, “Binti yangu, ulikuwa wapi?” Akainamisha kichwa, akasema, “Shikamoo Mwalimu.” Basi. Nikamrudisha nyumbani akamlete mzazi.

Hakurudi. Zilipita wiki tano. Siku moja mama mmoja alibisha hodi ofisini. Nilimkaribisha kiti, akakaa ukingoni. Alifungua kitenge, akatoa kitabu cha fizikia kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

“Mwalimu, mwanangu amesema nikirudishe, asije akadaiwa.”

“Na yeye yuko wapi, mama?”

“Dar es Salaam. Amepata kazi za ndani.”

Ndipo nikaelezwa. Mama yule alikuwa na meza yake katika soko la Mwanjelwa, na soko lile liliungua mwaka 2006. Tangu hapo aliuza viazi chini, popote alipopata nafasi. Binti aliamka saa tisa usiku kumsaidia kupokea magunia kwenye malori, akachambua viazi, kisha akatembea kwa miguu mpaka shuleni. “Hakutaka nije kukuomba,” mama alisema. “Aliona aibu.” Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Nilikulia Iringa. Nimewaona tangu utoto wangu mabinti wa kwetu wakipanda basi kwenda kulea watoto wa watu mjini, na maisha yangu yote nilisema kwamba shule ndiyo dawa. Sasa nilikuwa nimemsindikiza mmoja mwenyewe mpaka kwenye basi.

Mwezi uliofuata niliwaomba walimu tugawane mitaa, tukatembelea nyumba za wanafunzi wote. Lango tuliliacha wazi. Aliyechelewa aliandikwa jina pamoja na sababu yake, kisha akaingia darasani. Walimu wawili walinung’unika kwamba nidhamu imekwisha. Labda ilipungua kidogo. Hesabu ya waliobaki shuleni haikupungua.

Ndugu msomaji, shule ya bweni inamchukua mtoto mzima. Shule ya kutwa inapewa nusu yake tu, na nusu nyingine inabaki nyumbani kwenye moto, maji na magunia. Mwalimu asiyeijua nusu hiyo anafundisha mtu asiyemjua.

Mwaka 2021 Serikali ilitoa waraka wa kuwaruhusu wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali warudi shuleni. Nilifurahi sana, kisha nikapiga hesabu ya umri wake. Alikuwa anakaribia miaka thelathini.

Kitabu kile sikukirudisha stoo. Nilikilipia, ninacho hapa nyumbani. Bado kimo ndani ya mfuko wake.