Mshipa Umepandaje Mpaka Moyoni?

Mshipa ni neno lenye kazi nyingi mno. Ni njia ya damu, ni neva, ni ile kamba inayotokeza shingoni mtu anapogomba. Na kwa wazee wetu wengi, ukisema fulani ana mshipa umesema ana ngiri au busha, jambo la kutajwa kwa sauti ya chini. Jirani yake, mshipi, hufungwa kiunoni, na pia ndio uzi wa mvuvi. Nimekuwa nikiyapenda maneno ya namna hii, yanayofanya kazi ya watu watano kwa mshahara wa mmoja. Agosti 2021 mapenzi hayo yaliingia doa.

Daktari mmoja wa Bukoba, kijana mpole, alimwambia mama yangu kwamba huenda mishipa ya moyo ya mjukuu wake imeanza kuharibika. Mama akamtazama, kisha akauliza kwa heshima zote: "Waitu daktari, mshipa umepandaje mpaka moyoni?"

Kwa mama, mshipa makao yake ni chini. Daktari hakucheka, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Alitoa kalamu, akageuza karatasi ya vipimo, akachora moyo, halafu akachora vijito viwili vinavyouzunguka. Akaeleza kuwa moyo unapeleka damu kwa mwili mzima, lakini wenyewe pia unakula, na chakula chake kinapita kwenye vijito hivyo. "Hivi ndivyo ninavyovihofia, bibi."

Mtoto ni wa dada yangu. Alikuwa na miaka sita, anaishi na bibi yake Muleba, upande wa Kamachumu, kule migomba inakopandana na mibuni hadi mlangoni. Julai ile nyumba nzima ilishikwa na mafua. Mama alipoteza harufu ya kahawa kwa wiki mbili, akawa anakaanga kwa kutazama rangi tu. Hakuna aliyepimwa. Takwimu za korona za taifa zilikuwa zimegota kwenye wagonjwa 509 tangu Mei 2020, nyungu zilikuwa bado zinafukizwa, na chanjo ndiyo kwanza imefika: tarehe 28 Julai Rais Samia alichanjwa hadharani kuzindua kampeni. Mtoto mwenyewe alipiga chafya siku mbili tu, akarudi kucheza mpira wa majani makavu ya mgomba. Sisi tulikuwa tunawahofia wazee.

Homa ilikuja kama wiki nne baadaye.

Sasa, Muleba ukisema homa umesema malaria, na si ujinga. Wilaya hii imeumwa malaria kiasi cha kuingia kwenye majarida ya dunia: utafiti ulioanza 2014 katika vijiji vyake, ukachapishwa katika The Lancet mwaka 2018, ndio ulioonyesha kwamba vyandarua vyenye kiambato cha ziada, piperonili butoksidi, vinawashinda mbu waliokwisha kuizoea dawa ya kawaida. Kwa hiyo kwenye zahanati moja, ambayo sitaitaja, kipimo kilipoonyesha hakuna malaria, mtoto alipewa dawa ya mseto hata hivyo. Siku ya tatu, antibayotiki. Siku ya nne tumbo likamsokota, akatapika, na wakasema ni taifodi.

Aliyeona tofauti ni mama. Macho yalikuwa mekundu bila tongotongo. Midomo ilipasuka. Ulimi ulikuwa mwekundu wenye vipele kama buni mbivu. Vitabu vinaufananisha na stroberi, tunda ambalo mama hajaliona maishani. Nadhani buni inafaa zaidi. Upele hakuuona, aliugusa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, na picha nyingi nilizokuja kuzikuta baadaye ni za watoto weupe. Mama alipitisha kiganja mgongoni kwa mtoto akasema, "Huyu ana mchanga chini ya ngozi." Asubuhi ya siku ya sita walikuwa kwenye Hiace ya kwenda Bukoba.

Nitaeleza kilichokuwa kinatokea jinsi nilivyokuja kukielewa, mimi mwalimu wa fasihi nisiyejua dawa zaidi ya panado. Virusi vinaingia, mwili unapigana, virusi vinaondoka. Kwa watoto wengi mno hadithi inaishia hapo. Kwa wachache, wiki mbili hadi sita baadaye, jeshi la mwili linaamka upya na kupigana na nyumba yake lenyewe. Mishipa ya damu ina utando laini wa ndani, ulio mwembamba kuliko ngozi ya yai, na huo ndio unaoumia. Maji yanavuja nje ya mishipa, presha inashuka, moyo unachoka. Na ile ateri inayoulisha moyo, ukuta wake ukishaliwa na uvimbe, unatuna. Si umewahi kuona tyubu ya baiskeli inavyotoa nundu pale tairi lilipochoka? Ndiyo hiyo. Damu ikifika kwenye nundu inapunguza mwendo, na damu iliyopunguza mwendo huganda.

Mjapani Tomisaku Kawasaki alimwona mtoto wake wa kwanza mwenye dalili za jamii hii mwaka 1961, mvulana wa miaka minne. Alikusanya wagonjwa 50 kabla ya kuchapisha, mwaka 1967, na mwanzoni wenzake hawakushawishika kwamba ugonjwa huo unagusa moyo. Chanzo chake hakijajulikana mpaka leo. Ugonjwa wa Kawasaki usipotibiwa, takriban mtoto mmoja kati ya wanne hupata nundu kwenye ateri za moyo. Mwezi Aprili 2020 madaktari wa London walianza kuona watoto wanaofanana na wa Kawasaki lakini wakubwa zaidi, wenye maumivu ya tumbo na presha iliyoanguka, na nyuma yao kulikuwa na korona. Mzee Kawasaki alifariki Juni mwaka huohuo, akiwa na miaka 95, ukurasa mpya wa kitabu chake ukiwa ndio unafunguliwa.

Basi, tulikwenda Mwanza. Gari la wagonjwa lilipita Biharamulo na Geita, likasubiri kivuko cha Busisi huku daraja likiwa bado linajengwa, dada yangu akihesabu pumzi za mtoto kwa vidole. Kule Bugando kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo, kilionyesha moyo unapiga kivivu na ateri ya kushoto imetanuka kidogo. Dada aliniambia kwenye simu, "Kaka, wamesema kidogo. Kidogo ni kiasi gani?"

Dawa inayotajwa kwanza kwenye vitabu ni kingamwili zinazotiwa kwenye mshipa kwa dripu, zilizochujwa kutoka damu ya maelfu ya wachangiaji. Hupimwa kwa uzito wa mtoto na bei yake ni ya kuuza ng'ombe. Kundi la ukoo la WhatsApp lilichanga usiku kucha. Fedha ilitosha chupa chache, pungufu ya dozi. Madaktari waliegemea steroidi, ambazo Novemba mwaka ule Shirika la Afya Duniani lilikuja kuzipendekeza rasmi, na aspirini kidogo ya kuzuia damu kuganda. Homa ilishuka ndani ya siku mbili. Wiki iliyofuata ngozi ya ncha za vidole ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu, na mtoto akawa anaonyesha wageni.

Mama, kila akisimulia, hupitia Ndolage kwanza. Mwaka 1983 katika hospitali hiyo, si mbali na kwake, walionekana wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini, na kwa kukosa jina watu wakauita Juliana, jina la kitambaa cha madukani. Alizika ndugu wawili wa Juliana. Kwake ugonjwa usio na jina ndio unaoua, na ndiyo maana alimng'ang'ania daktari aandike jina la huu, akakunja karatasi akaitia kwenye pindo la khanga. Machi 2023, Marburg ilipotangazwa Bukoba Vijijini na kuua watu sita, alinipigia simu: "Hii nayo inashika mishipa?" Nilimjibu ndiyo, nayo inaifanya ivuje. Akakaa kimya, kisha akasema mtoto asitoke nje ya kibanja mpaka iishe. Hakutoka mpaka Juni.

Ateri ilirudi karibu na kipimo chake baada ya miezi minane. Aspirini imeachwa, ila daktari anataka eko kila mwaka, kwa sababu ukuta uliowahi kutuna haulingani na ambao haukutuna. Anapanda miti, anatoroka kwenda ziwani. Malalamiko yake ni tarehe: safari ya Mwanza huangukia Novemba, na Novemba ndiyo senene.