Mzee alisema pedali iko nzito

Siku ile timu yetu ilikuwa inaenda kucheza Sironko. Vijana 12, mipira miwili, kreti moja ya soda, na mimi ambaye wote wananiita Yaya, ingawa wengine tumepishana miaka michache tu. Nilikuwa nimekodi teksi ya zamani, ya dizeli, kwa sababu bei ilikuwa nafuu. Tulipandia hapa Namakwekwe asubuhi, matope ya mvua ya usiku bado yako njiani.

Dreva, mzee wa Kigisu wa maneno machache, alikanyaga mafuta mara mbili akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hii pedali leo iko nzito. Ngoja nipitie kwa fundi kidogo."

"Mzee, tumechelewa. Twende tu, tutaangalia tukirudi."

Mimi ndiye niliyekuwa na pesa. Mzee akanyamaza, tukaenda.

Sisi tuliokulia kambini tumezoea vitu vibovu ambavyo bado vinafanya kazi. Pampu inalia, unapampu tu. Nafikiri ndiyo maana neno "nzito" halikuniingia kama habari. Nilidhani mzee analalamika.

Mechi tulitoka sare. Wakati wa kurudi, mzee aliongeza mafuta ili apite baiskeli iliyobeba matoke. Akaondoa mguu. Gari likaendelea kukimbia. Aliingiza ncha ya kiatu chini ya pedali akaivuta juu, haikusogea. Mbele yetu kulikuwa na senta ndogo, siku ya soko, watu mpaka ukingoni mwa lami.

Alikanyaga klachi, akatoa gea akaweka nyutro, akabana breki mara moja, kwa nguvu, bila kuiachia. Injini ilipiga kelele mpaka mdogo wetu wa miaka 13 akaziba masikio. Tuliposimama ndipo akazima ufunguo. Hatua chache mbele ya bampa alikuwa ameketi mama na nyanya zake. Hakuinuka. Hakupata muda wa kuinuka.

Baadaye mzee alinieleza kwa nini hakuzima mapema. Ukizima gari likiwa mbioni usukani unakuwa mgumu, na ukirudisha ufunguo mpaka mwisho usukani unaweza kujifunga kabisa. Na breki usiipampu: kwenye gari la petroli breki inasaidiwa na mvuto wa hewa wa injini, na mafuta yakiwa wazi mvuto huo unapungua. Ukipampu mara tatu nne msaada unaisha, unabaki na mguu wako peke yake.

Kwenye gereji ambako vijana wetu wawili wanajifunza ufundi, walitoa waya wa mafuta wakauweka mezani. Ni kamba ya nyuzi za chuma zilizosokotwa, inapita ndani ya ganda kutoka pedali mpaka injini. Nyuzi tatu zilikuwa zimekatika. Ukivuta unapita, ukiachia nyuzi zinajisokota kwenye ganda, na springi haina nguvu ya kuurudisha. Waya mpya ulikuwa bei ndogo kuliko soda za timu.

Hapo ubishi ukaanza. Kijana mmoja akasema heri waya, unauona kwa macho, kuliko haya magari ya kompyuta. Nami nilikuwa nafikiri hivyohivyo. Na yanazidi kuja: tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi, kwa hiyo mengi yanayoletwa sasa hayana waya kabisa. Fundi mkubwa akatuonyesha pedali ya gari jipya. Ndani yake kuna sensa mbili zinazopeleka habari ileile kwa njia mbili. Zikipingana, kompyuta inapunguza nguvu ya injini na taa inawaka kwenye dashibodi.

Nilisoma baadaye juu ya ajali ya Agosti 2009 karibu na San Diego, Marekani. Watu wanne walikufa ndani ya Lexus, dreva wao akiwa polisi wa barabara kuu. Pedali ilinaswa na zulia la mpira lililotoka kwenye gari la aina nyingine. Zulia! Februari 2011 ripoti ya wahandisi wa NASA ilisema hawakukuta kosa la umeme la kufungua mafuta kwa kiasi kikubwa hivyo. Lakini Oktoba 2013, katika kesi ya ajali nyingine, baraza la mahakama huko Oklahoma liliamua dhidi ya Toyota baada ya mtaalamu kuichambua programu ya gari. Kwa hiyo ule ubishi wa gereji sikuumaliza. Ila nilienda nikaangalia mazulia ya kila gari tunalokodi, na mawili yalikuwa yamelala juu ya pedali.

Sasa kabla ya safari nainama, gari likiwa limezimwa, nabonyeza pedali kwa mkono na kuiachia. Irudi yenyewe, haraka, mpaka juu. Vijana wananicheka, wanasema Yaya anaisalimia gari.

Mwezi uliopita tulipata gari zuri, la kompyuta. Tulipotaka kuondoka, taa ya injini ikawaka. Dreva akasema hiyo si kitu, ni sensa tu. Nikawaambia vijana washuke wote. Mpaka fundi akaja, wenzetu walikuwa wamepewa pointi tatu za bure. Hakuna aliyenisemesha mpaka jioni.