Wingu Liko Chini ya Bahari

Manze, wacha niwaambie vile nilipoteza kazi ya shilingi 15,000 nikiwa nimeshaimaliza.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, Siku ya Akina Mama. Mama mmoja anayeoka keki South B alikuwa ameniomba video ya tangazo. Alitaka iwe hewani saa sita, watu wakitoka kanisani washike simu, waione, waagize. Nilikesha nikiihariri. Saa nne na kitu nikaanza kuituma kama kawaida yangu: pakia kwa wingu, tuma linki. Gigabaiti 8. Ikafika asilimia 11, ikaganda.

Nikazima ruta, nikawasha. Nikanunua bando ya laini nyingine. Wapi! Nikamlaumu keateka wa ploti, maana hiyo waifai tunagawana na yeye huchomoa waya akikasirika. (Pole, keateka. Siku hiyo hukuwa na makosa.)

Kumbe kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kebo kama hiyo kwa ndani ni nyuzi za kioo nyembamba kama nywele, na ndizo hubeba karibu kila kitu tunachotuma nje ya nchi. Seacom ilikuwa tayari imekatika kwenye Bahari ya Shamu tangu Februari, kwa hivyo hata mlango wake wa pili ulikuwa umefungwa. Kenya hatukuzimika kabisa kwa sababu kuna zingine zinazotokea Mombasa, kama TEAMS, lakini sote tukasongamana huko. Fikiria Thika Road ibaki na leni moja saa kumi na moja jioni.

Kinachoniuma ni hiki. Mimi naishi Githurai, mama yuko South B. Lakini video ilikuwa lazima ivuke bahari ndio irudi Nairobi. Na si eti hatuna njia ya humu ndani. Kuna KIXP, mahali kampuni za intaneti za hapa hubadilishana data bila kupitia nje. Ilianza 2000, ikafungwa kwa amri ya mdhibiti, ikarudi 2002. Shida ni kwamba inakusaidia tu kama sava unayoitafuta iko Kenya. Sava yangu haikuwa. Siku kumi baadaye Microsoft na G42 wakatangaza mpango wa kituo cha data Olkaria, wa dola bilioni 1. Nilicheka peke yangu.

Na haya nilifundishwa! Mwaka wa pili, kabla karo initoe chuo, mhadhiri alichora mistari miwili ubaoni akasema usijenge kitu chenye njia moja. Nikaandika, nikapita mtihani. Halafu nikajenga biashara yangu yote juu ya linki moja.

Saa nane ndio nikakumbuka nina fleshi. Matatu hadi tao, nyingine hadi South B. Nikafika saa kumi kasoro. Mama hakufoka. Alinionyesha tu keki zimepangwa mezani, akasema, "Kijana wangu, umechelewa." Akanifungia moja. Pesa sikuuliza.

Niliila kwa matatu nikirudi. Nilipofungua mlango, laptopu ilikuwa bado inapakia. Asilimia 14.