Kutoka Makoko hadi Kilwa ya kale, na watoto
Familia ya Makoko, Musoma, ikijiunga na kundi la kutembelea Kilwa Kisiwani huivuka nchi nzima, kutoka ziwani hadi baharini. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, akausifu mji. Leo boti huondoka Kilwa Masoko. Mzazi aliyezoea ziwa asipuuze jaketi la kuokolea maisha. Mwongoza watalii huwaonyesha Gereza na Msikiti Mkuu, lakini kinachowafurahisha zaidi watoto ni bwawa la pembe nane la Husuni Kubwa. Kulifikia ni mwendo mrefu juani, hivyo kundi lifuate kasi ya mdogo wao: kofia, maji, kivuli. Usiku, chandarua. Homa ikimpata mtoto, hata mkisharudi Makoko, apimwe malaria siku hiyohiyo. Isidhaniwe ni uchovu wa basi.