Mvukuto wa Babu na Mpira wa Gari

Tuambiwapo tuandike juu ya utamaduni wa taifa, wengi wetu hushika kalamu na kukimbilia ngoma, ngao, vyungu na hadithi za sungura. Sina ugomvi na ngoma, nimezicheza mwenyewe. Lakini leo napenda kuandika juu ya kipande cha mpira kisichozidi urefu wa dhiraa moja, kifungwacho ndani ya gari, ambacho kilinifundisha jambo juu ya babu yangu nisilolitambua alipokuwa hai.

Babu alikuwa mhunzi. Kiwanda chake kilikuwa kibanda kisicho na kuta, kusini ya Sikonge, pale ambapo mashamba ya tumbaku hukoma na msitu wa miyombo huanza. Siku za kuyeyusha mawe ya chuma zilikwisha zamani. Yeye alifua visu, mashoka na majembe kwa vyuma chakavu vya magari. Mimi nilikuwa mvukutaji wake. Mivukuto ilikuwa miwili, kila mmoja bakuli la mti lililofunikwa ngozi laini ya mbuzi, na kila bakuli lilitoa mrija wa mti ulioingia katika bomba la udongo, na bomba likaingia motoni. Niliinua kijiti cha kulia huku nikishusha cha kushoto, kisha kinyume chake, ili upepo usikatike. Upepo ulipokatika, chuma kilipoa na babu alipata moto.

Kila asubuhi, kabla hajawasha makaa, babu alilowesha kidole kwa mate, akaniamuru nivukute polepole, akakipitisha kidole hicho pale ngozi ilipokutana na mti. Alitafuta ubaridi. Alipouhisi, alijua upepo unavuja. Basi alikata ukanda wa ngozi mbichi iliyoloweshwa, akafunga upya, akaacha ukauke, kwani ngozi mbichi ikikauka hujikaza yenyewe. "Mjukuu wangu," alisema, "upepo hauna mikono, lakini hufungua kila fundo lililofungwa kwa haraka." Nilidhani ni mafumbo ya kizee tu. Babu akafariki, ngozi za mivukuto zikaliwa na panya, nami nikaenda kusomea ualimu.

Sasa nije kwenye gari. Mjomba wangu alikuwa na Land Cruiser kuukuu ya dizeli, aliyoitumia kuchukua asali na nta kutoka kambi za warina asali walio mbali huko ndani ya msitu. Injini ya gari hilo ilikuwa na chombo ambacho mafundi hukiita tabo. Kwa msomaji asiyekijua, nitaeleza kwa ufupi. Moshi utokao katika injini, badala ya kupotea bure, hupitishwa kwenye gurudumu dogo lenye mapanga na kulizungusha. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa ufito mmoja na jingine, ambalo huvuta hewa safi, huishindilia na kuisukuma ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi huweza kuungua vizuri, na gari dogo hupata nguvu za gari kubwa. Alfred Büchi wa Uswisi ndiye aliyepata hataza ya maarifa hayo mwaka 1905. Magurudumu hayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na hewa inaposhindiliwa hupata joto ambalo huweza kuzidi nyuzi 100. Hewa hiyo yenye moto na msukumo husafiri ndani ya mabomba ya chuma, na mabomba hayo huunganishwa kwa mipira.

Mpira wa mjomba ulikuwa umepasuka. Aliuzungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, kama tufanyavyo sote kwa mpira wa rejeta, lakini dawa hiyo haikukaa. Joto, mvuke wa oili na msukumo wa hewa viliifungua kila baada ya siku mbili. Gari likawa linapiga mluzi, linatoa moshi mweusi, na linakunywa dizeli kama mlevi.

Mwaka 2012 nilipata safari ya Dar es Salaam, na huko Kariakoo nikaona mipira ya silikoni, ya rangi ya samawati, inang'aa kama kanga mpya. Haikuwa ile iliyotoka na gari kiwandani, bali ile ambayo mwenye gari hujinunulia mwenyewe akitaka kilicho imara zaidi. Muuzaji alinieleza kwamba silikoni huvumilia joto la nyuzi zipatazo 180, na kwamba ndani yake mna tabaka za kitambaa zinazozuia mpira usitutumke. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Nikanunua, nikarudi Sikonge kifua mbele, nikamwambia mjomba aweke spana zake chini, kwani mwalimu amekuja na maarifa ya kisasa.

Naandika haya kwa aibu. Mpira ulikuwa mgumu kuingia katika mdomo wa bomba, basi nikaupaka grisi ndani, ukateleza vizuri sana. Nikachukua vibano vya zamani, vile vya ukanda wenye matundu ambavyo mafundi huviita klipu, nikaviweka ukingoni kabisa, juu ya kile kituta kidogo kilichoachwa mwishoni mwa bomba, nikakaza kwa bisibisi mpaka mikono ikauma. Gari likawaka. Mluzi ukaisha. Mjomba akanipa mkono, nami nikaupokea.

Baada ya wiki moja tulikuwa tunatoka upande wa Koga. Barabara ya Ipole kwenda Koga na Mpanda, ambayo sasa ina lami, ilikuwa bado ya vumbi, na ilikuwa kiangazi. Kijiji kimoja tulisimamishwa na mama aliyempakata mtoto wa miaka kama mitatu, mwili unawaka homa, macho yamegeuka. Tukampakia mbele, tukaondoka mbio kuelekea hospitali ya Sikonge. Katika mwinuko mmoja wenye mchanga, mjomba alipokanyaga mafuta, tulisikia mlio kama wa puto lipasukalo. Gari likaishiwa nguvu, na nyuma yetu pakawa peusi kwa moshi.

Mpira ulikuwa umechomoka. Haukupasuka, ulichomoka mzima, samawati kama siku niliyoununua, unang'aa kwa grisi yangu.

Nilimwomba mjomba tuendelee hivyo hivyo polepole, kwa kuwa injini ya dizeli inaweza kwenda bila tabo. Alikataa. Mdomo wa injini ulikuwa wazi. Hewa isingepita tena katika chujio, na vumbi lote lile la njiani lingemezwa na injini. "Tutafika nusu ya njia," alisema, "halafu hatutafika kabisa." Basi ikatubidi kungoja chuma kipoe kidogo, na kungoja huko ndiko sitakusahau. Mama yule aliniuliza, "Baba, tutafika?" Nikamjibu kwamba tutafika, nami sikuwa na haki ya kusema hivyo. Alikuwa na kipande cha sabuni ya mche katika furushi lake. Kwa sabuni hiyo na maji ya kunywa mjomba aliosha bomba, akaosha mpira ndani, akavikausha kwa shati lake, akarudisha mpira na kusogeza kibano nyuma ya kile kituta. Hakunilaumu kwa neno hata moja. Tulitambaa hadi Sikonge, tukafika usiku. Mtoto alipona. Lakini mimi nilijua kwamba kupona kwake hakukutokana na maarifa yangu.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi mmoja mzee, mwenye gereji chini ya mwembe, ambaye alianza kazi akiwa utingo wa malori ya tumbaku. Nilimwamkia, akaitikia, akauchukua mpira na kuutazama ndani kwa muda mrefu kabla hajatazama nje. "Mwalimu," alisema, "umenunua mpira mzuri, ukaufunga vibaya." Kisha akanifundisha, na mafundisho yake nayaandika hapa kwa kuwa sijayaona katika kitabu chochote cha Kiswahili.

Mpira na bomba lazima vifungwe vikiwa vikavu na safi. Ukigoma kuingia, utumie maji yenye sabuni kidogo, ambayo hukauka, wala usitumie grisi ambayo haikauki. Ukitaka kuukata, ufunge kibano kizima mahali pa kukatia ili kiuongoze wembe, mkato uwe sawa. Kibano kikae nyuma ya kituta cha bomba, kwani kituta hicho ndicho kinachozuia mpira usirudi nyuma. Klipu za matundu hazifai, kwa sababu silikoni ni laini, hupenya katika matundu na kukatika. Zatakiwa zile ambazo ukanda wake ni laini upande wa ndani. Wala nguvu nyingi si ufundi. Injini hutikisika ilhali mabomba mengine yamefungwa kwenye bodi, hivyo mpira uachiwe nafasi ya kujipinda. Jambo ambalo sikulitazamia kabisa ni hili: silikoni, pamoja na sifa zake zote, haipendani na oili. Tabo hutoa mvuke wa oili, na mpira usio na utando maalumu ndani hunyonya mvuke huo, ukavimba na kulainika. Ndiyo maana alitazama ndani kwanza.

"Tabo isiyotunzwa huwa tabu," alisema akicheka, na bila shaka alikuwa amewaambia hivyo wateja mia moja kabla yangu.

Alipomaliza kufunga, aliniagiza nirudi baada ya siku tatu, kwa kuwa silikoni ikipata moto na kupoa mara kadhaa hutulia, na kibano kilichokuwa kimekaza huonekana kimelegea. Hapo ndipo nilipomkumbuka babu. Ngozi yake mbichi ilijikaza kadiri ilivyokauka. Mpira huu hulegea kadiri unavyozoea. Mhunzi aliijua tabia ya ngozi yake, na fundi aliijua tabia ya mpira wake, nami, niliyesoma kuliko wote wawili, sikuwa nimekijua chochote isipokuwa bei. Kisha mzee yule akawasha injini, akalowesha kidole kwa mate, akakipitisha kwenye kiungo.

Nilimwuliza nani alimfundisha hivyo. Alinishangaa. "Hilo nalo ni la kufundishwa?"

Tangu siku hiyo nimesoma kadiri nilivyoweza juu ya upepo na moto. Nimejua kwamba mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kuwa wayeyushaji chuma wa kale wa Buhaya, yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, walisukuma mabomba yao ya udongo mpaka ndani ya tanuri ili hewa ipate moto kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya ukubwa wa joto lililopatikana, na mabishano hayo nawaachia wenyewe. Mimi lililonivutia ni kinyume chake: tanuri hutaka hewa ya moto, lakini injini huitaka ipoe, ndiyo maana magari mengi yenye tabo huwa na intakula, yaani kipoza hewa, kati ya tabo na injini. Mhunzi wa kale angeuliza kwa nini, na swali lake lingekuwa la mtu ajuaye.

Nimesoma pia kwamba Stanley, mwaka 1871, akiikwepa vita ya Mirambo, aliacha njia ya kawaida ya misafara kutoka Tabora kwenda Ujiji na kuzunguka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo, yaani katika nchi hii hii ya misitu ambamo mpira wangu ulichomoka. Jina lake limeandikwa katika kila kitabu cha historia. Waliobeba mizigo yake, kila mmoja kiasi cha kilo 30 begani, hawakuandikwa kwa wingi huo. Lakini mzigo uliofungwa vibaya ulimwumiza mbebaji kabla haujamwumiza mwenye mali; bila shaka walijua kufunga.

Siku hizi kila mwaka huwapeleka wanafunzi wangu wa sekondari kwenye gereji ile ya mwembeni. Wazazi wachache wamelalamika kwamba watoto hurudi na oili katika sare. Wanafunzi huandika majina ya vitu kama mafundi wanavyoviita, si kama mimi nipendavyo viitwe, na tumekwisha kujaza madaftari manne. Mwaka jana msichana mmoja aliniuliza kama mivukuto ya babu ipo, aione. Nilikwenda kuitafuta kwa shangazi. Bakuli moja limebaki, na mrija wake umekatika. Shangazi hulitumia kunyweshea kuku. Nilimwomba aniazime kwa siku moja, akakubali, kwa sharti kwamba nilirudishe kabla ya jua kuchwa, kwa maana kuku hawana chombo kingine.