Wati 12 zilizotudanganya

Wasee, nilikaribia kufutwa kibarua juu ya wati 12. Nilikuwa nimeacha uhandisi mwaka wa pili, namsaidia fundi wa mitambo kwenye kituo kidogo cha redio. Transmita ilikuwa ya wati 300, lakini wasikilizaji walipiga simu kila siku: hatuwapati.

Fundi akafunga Bird 43 nyuma ya transmita. Hiyo mita ina kidude cha mviringo chenye mshale. Ukiuelekeza upande wa antena, inasoma nguvu inayoenda. Ukiugeuza, inasoma inayorudi. Zinaenda 300, zinarudi 12. SWR ni 1.5, safi kabisa. "Antena iko sawa, kijana."

Nikauliza, na kama ni kebo inazila? Manze, aliniangalia! "Hukumaliza chuo, sasa unanifunza kazi?" Iliniuma, siwadanganyi.

Jumapili usiku, matangazo yakiisha, alikubali tupime. Nadhani alitaka tu ninyamaze. Tukazima, tukashusha kebo, tukafunga mita kwenye ncha yake ya juu pamoja na mzigo bandia wa omu 50, ule unaomeza nguvu bila kurudisha. Tukawasha. Wati 150! Kebo ilikuwa imeingia maji.

Kumbe antena ilikuwa inapata 150, inarudisha kama 24, halafu zikishuka kebo inakula nusu tena. Zikifika kwetu ni 12. Yaani hata antena haikuwa sawa, ni kebo ilikuwa inaificha.

Fundi hakusema pole. Alinipa spana tu: "Haya, kafungue ile antena."