Santuri ya Bibi Yarudi Hayes



Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilipanda treni kwenda Hayes, magharibi ya London, nikiwa nimebeba sanduku jeusi zito la kuchosha mkono. Ndani yake mlikuwamo santuri ya ufunguo aliyotuachia marehemu bibi yetu wa Mwembetanga, Unguja.

Santuri hiyo ilitufikia baada ya kufariki shangazi, na pamoja nayo ukaja ugomvi. Bibi alikuwa ameibandika karatasi ndani ya kifuniko, kwa kuwa hakutaka mbwa nyumbani mwake, hata wa kuchorwa. Mpwa wangu alipoibandua akaiona ile picha mashuhuri ya mbwa asikilizaye santuri, akatangaza kuwa hiyo ni mali ya maelfu ya pauni, iuzwe, tugawane. Ndugu yangu aliyeko Maskati akaapa kuwa haiuzwi. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu, nikateuliwa kuwa hakimu wa jambo nisilolijua.

Nilichagua Hayes kwa sababu huko ndiko ilikozaliwa. Jiwe la msingi la kiwanda cha kampuni ya Gramophone, wenye alama ya HMV, liliwekwa mwaka 1907 na Nellie Melba, mwimbaji wa Australia. Leo, katika barabara ya Blyth, majengo yale makubwa yamegeuzwa makazi na ofisi, na jengo walimochongea makabati ya santuri lingali likiitwa kwa kazi hiyo. Nilisimama mbele yake na sanduku langu. Walipita vijana na mikoba yao, wala hapana aliyegeuka. Nikawaza jinsi sanduku hili lilivyotoka hapa likavuka bahari hadi kwa mwanamke wa Ng'ambo, ambaye hakupata kuiona Ulaya.

Si ajabu kwamba lilifika. Mwaka 1928 kampuni hiyo ilirekodi nyimbo za Siti binti Saad mjini Bombay, na sahani zake zikaenea pwani yetu yote. Mwenye sahani alihitaji santuri, na mwenye santuri alitaka sahani zaidi.

Karibu na hapo anaishi fundi mstaafu niliyeelekezwa kwake. Alilitazama sanduku kabla ya kuligusa. Pembe ya sauti imefichwa ndani, na kisanduku cha sauti kimepigwa chapa ya 5A. Akasema hii ni HMV 102, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1931. Ile ya 101 iliyoitangulia huwa na kisanduku nambari 4, chenye utando wa ulanga badala ya alumini. Kisha akatoa hukumu: zilitengenezwa kwa wingi mno, na nyeusi ndizo nyingi zaidi. Iliyo nzima huuzwa kwa pauni mia moja hivi, pengine zaidi kidogo. Nyekundu au buluu ingepata zaidi.

Alinionya pia juu ya zile zenye pembe kubwa ya shaba ing'aayo, ziuzwazo kwa watalii. Nyingi ni za kuungwaungwa siku hizi: mtambo wa santuri kuukuu, kabati jipya, na nembo ya mbwa iliyobandikwa juzi.

Kisha akaanza kazi. Kwanza aliiacha kamani ilegee kabisa, kwani kamani iliyokazwa ikifyatuka huweza kumjeruhi mtu vibaya. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama lami. Akaiosha, akatia mpya. Mipira inayoshika utando ilikuwa imekauka ikawa kama mfupa, na hiyo ndiyo iliyoleta mkwaruzo tuliodhani ni uzee. Akaibadilisha. Mwisho alichomeka kikaratasi chini ya sahani, akahesabu mizunguko kwa saa ya mkono: 78 kwa dakika. Sindano ya chuma, alisema, hubadilishwa kila upande upigwapo, maana ikibutuka hulima mifereji ya sahani.

Hapo nikaitoa sahani pekee ya Siti tuliyobakiwa nayo, na sina budi kukiri kosa langu. Miaka mingi nyuma niliifuta upande mmoja kwa spiriti, nikidhani naisafisha. Sahani hizi zimetengenezwa kwa lakiri, na spiriti huyeyusha lakiri. Upande ule sasa hutoa mvumo mtupu kama mvua juu ya mabati. Tulipiga upande wa pili. Sauti ikatoka nyembamba, kisha ikajaa chumba. Fundi hakuelewa neno hata moja, lakini alingoja hadi mwisho ndipo akaondoa mkono wa sindano.

Usiku nilipiga simu Maskati, kisha kwa mpwa wangu. Nilimweleza kuwa pauni mia, zikigawanywa kwa warithi tisa, hazifiki kumi na mbili kwa kila mmoja. Alinyamaza, halafu akauliza kama ataweza kuja kuisikia.

Basi Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu nitaileta ukumbini petu baada ya alasiri. Mwenye sahani za zamani na aje nazo, ila zile za plastiki azibakize nyumbani, kwani sindano hii itaziharibu. Na tafadhali, asizifute kwa spiriti.